Usiinunue Hiyo Lenzi, Protus

"Ni giza tu, Sellah. Hizi lenzi zetu haziwezani na giza."

"Mm."

"Usiniambie mm. Angalia mwenyewe."

Protus akaigeuza kompyuta imwelekee mchumba wake. Shehe alikuwa pale kwenye kioo, kanzu safi, mkono umeinuliwa, na ndevu zake zilionekana mara mbili. Picha iliyofuata bwana harusi alikuwa na pua kama iliyofutwa kwa kidole. Iliyofuata ilikuwa afadhali kidogo, yaani ungeweza kujua kwamba hao ni watu.

"Flashi shehe alikataa," Protus akasema. "Alisema nisimmulikemulike wakati wa khutuba. Sasa na hii lenzi yetu ya 1.8 ningefanya nini? Lakini hii rafiki yangu Jamal anataka kuniuzia ni 1.2. Inameza mwanga, kamera inafunga haraka, picha inatoka imetulia. Amesema nikae nayo mpaka Jumatatu jioni niamue."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi naona tuichukue. Kwani zako za chumbani zilitoka aje?"

Sellah akajifanya anatafuta kebo chini ya meza.

"Hata zangu zimetingishika," akasema.

Huo ulikuwa uongo, tena uongo mkubwa. Wawili hawa walikuwa na studio ndogo hapa Kakamega mjini, juu ya duka la mbolea, na harusi za Waislamu huko Mumias na Matungu walizipata kwa sababu walikuwa wawili. Mwanaume haingii chumba cha bi harusi. Kwa hivyo Jumamosi hiyo, kwenye nikaha ya Khadija, Protus alibaki sebuleni na wanaume na Sellah akaingia chumbani kwa wanawake. Lenzi zao zilikuwa za aina moja, walizinunua pamoja wakati mapenzi yalikuwa bado mabichi. Sebuleni madirisha yalikuwa wazi yote. Chumbani mapazia yalifungwa, giza lilikuwa la kutafutia kiatu, na bado picha za Sellah, bila flashi, zilitoka safi mpaka mistari ya hina kwenye kidole cha Khadija ungeihesabu.

Sasa tusizungushane. Sellah alijua shida haikuwa lenzi. Kila picha aliyopiga Protus ilipita mikononi mwake, akiivuta iwe kubwa, akiisafisha, na tangu mwaka uanze alikuwa anaona ule mtikisiko ukizidi. Na Pasaka alipopelekwa Lugari kujulishwa kwa wakwe, alimwona Mzee Makhanu, babake Protus, akinyweshwa chai na mkewe. Mzee alijaribu kumsalimia, mkono ukacheza hewani mpaka Sellah akaushika yeye. Sellah aliambiwa ugonjwa ulimwanza mzee akiwa kijana bado, kwenye mkono wa kulia.

Angemwambia nini? Mkono wa mpiga picha ndio shamba lake. Na Desemba wazee wa Lugari walikuwa waje Malava, kwao Sellah, kuongea mambo ya ng'ombe wa mahari. Kwa hivyo akanyamaza. Alizitupa mbaya, akabakisha nzuri, na moyoni alikuwa anakufa.

Jumapili jioni Protus akamvuta wakajaribu lenzi ya Jamal. Walienda kanisani wakati kwaya inafanya mazoezi, taa moja tu ikiwaka huko mbele. Protus alipiga kama mtu mwenye njaa. Waliporudi studio akaingiza kadi kwenye kompyuta, na Sellah akaziona moja baada ya nyingine: mama wa sauti ya kwanza amefumba macho, jasho kwenye paji la uso wa mwalimu wa kwaya, kila kitu kimetulia.

"Umeona?" Protus alikuwa anacheka peke yake. "Si nilikuambia? Vuta hiyo. Vuta tena. Umeona hadi kope?"

"Nimeona."

"Sasa tuseme ukweli, hii si ya kufikiria. Jamal akipiga simu namwambia imeshapata mwenyewe."

Sellah akageukia ukutani.

"Sellah?"

Alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yalikuwa yanapanda na kushuka.

"We Sellah, unalia nini? Picha ni nzuri."

"Ndio maana nalia. Ni nzuri."

"Mimi sikuelewi."

Hapo simu ya Sellah ikalia mezani, ujumbe umeingia. Protus akaichukua tu ampe, lakini macho hayana pazia. Akasoma, halafu akasoma tena kwa sauti, polepole:

"Asalaam aleikum dada Sellah. Nimeona zile ulinitumia. Za chumbani mashallah, hina inaonekana vizuri sana. Lakini za sebuleni mbona ni kama wanaume walikuwa wanatetemeka? Mwambie huyo kaka atulie kidogo. Khadija."

Chini, mtu wa duka la mbolea alikuwa anafunga mlango wake wa mabati.

"Za chumbani mashallah," Protus akasema. "Uliniambia zako zimetingishika."

"Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Ndio usijue."

"Nisijue nini?"

Sellah akamgeukia.

"Lenzi ni moja, Protus. Na chumba changu kilikuwa na giza kuliko sebule yako."

Sellah alidhani Protus atawaka. Wanaume wengi wangewaka, wangerusha hata kiti. Protus alivuta kiti akakaa, akaikalia mikono yake.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Tangu Machi."

Machi. Neno hilo lilimchoma Sellah mahali ambapo hakuwa amemwonyesha mtu. Akafuta macho kwa nguvu.

"Machi ulienda Eldoret. Ulisema umeitwa kupiga picha za shule."

"Sellah..."

"Ngoja nimalize. Kila picha unapiganga inapita kwangu. Za hiyo shule sikuziona. Hata moja. Nimekaa miezi yote nikijua uko na mwanamke Eldoret. Nimekupikia, nimekufulia, nikijua uko na mwanamke."

"Sina mwanamke. Nilienda kuona daktari. Wa mishipa ya fahamu."

"Afadhali ungekuwa na mwanamke."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Mwanamke ningemtafuta. Ningemtukana, ningekuacha ama ningekaa, lakini kungekuwa na kitu cha kufanya. Sasa hapa nitamtukana nani?"

Hasira ya Sellah ilikuwa ya kweli, na haikuwa na pa kwenda. Ilimzunguka kifuani ikarudi ikawa machozi tena.

"Alisema nini huyo daktari?"

"Alisema inaweza kuwa ile ya mzee. Inaweza isiwe. Akanikunja mikono, akanitembeza kwa ukumbi, akanipa dawa. Akasema tungoje tuone. Nikamuuliza, daktari, hii kitu itaisha? Akaanza kuandika."

"Kuandika nini?"

"Sijui. Alikuwa tu anaandika ndio asiniangalie."

Sellah akaegemea meza. Lenzi ya Jamal ilikuwa mbele yake, nene, kioo chake kikubwa kama kikombe cha uji.

"Na hii?" akauliza. "Kama ulijua ni mkono, hii ya nini? Ulikuwa unataka kudanganya wateja?"

"Si wateja."

"Nani basi?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Mteja anaangalia picha kwa simu, ndogo hivi. Nilidhani hawataona. Ni wewe unazivutanga mpaka unaona unywele. Kila nikikuletea kadi nilikuwa naogopa. Nikasema nikipata lenzi inaona gizani, utaangalia na hutajua. Nilitaka tu tufike Desemba. Wazee wangu wafike Malava, wakule kuku ya mamako, tumalize. Halafu ningekuambia."

"Yaani unioe kwanza, ndio unifungulie siri?"

Protus akageuzia uso dirishani.

"Mama yangu hakuambiwanga mapema."

"Na mama alikaa."

"Mama alikaa kwa sababu tulikuwa tumeshazaliwa wanne, Sellah. Hajawahi kusema, lakini mimi si mtoto. Nikaona wewe ukijua mapema utaangalia mbele, utaniona nimekaa kama mzee, unanishikia kikombe, na utaenda. Na mimi ningefanya nini? Singeweza kukushika. Hata kushika sasa ni shida."

Alijaribu kucheka hapo. Hakucheka hata mmoja.

"Ulininyima nafasi ya kuchagua," Sellah akasema.

"Nilikunyima."

"Hiyo ndiyo inaniuma. Si mkono."

"Najua. Na sina cha kukulipa. Ukitaka kwenda, nitaambia wazee Lugari kwamba makosa ni yangu. Hakuna mtu atakusema vibaya."

Simu ya Protus ikaanza kuita. Jamal. Alibonyeza kijani na spika, akaiweka mezani ili asiishike, sauti ikajaa chumba kizima.

"Prot, vipi mzee? Najua nilisema Jumatatu, lakini kuna jamaa wa Kisumu ananisumbua juu ya hiyo kitu. Unachukua ama huchukui?"

Protus akamwangalia Sellah, macho ya mtu aliyeshindwa.

"Ongea na Sellah," akasema.

"Shemeji! Mwambie achukue bwana. Hiyo lenzi hata mkono ukicheza, yenyewe haijui."

Jamal hakujua alilosema. Sellah akafumba macho, akasubiri maumivu yapite.

"Hatuichukui, Jamal."

"Aai. Umeipata na kasoro?"

"Haina kasoro. Ni nzuri sana."

"Sasa?"

"Kesho asubuhi nitakuletea Mumias mimi mwenyewe. Asante, shemeji. Salimia watu wa huko."

Akakata. Protus alikuwa bado anamwangalia.

"Kazi tutafanya aje sasa?"

"Za ndani nitapiga mimi. Kama ni sebule ya wanaume tutaongea na wenyewe, wakikataa tutaacha hiyo harusi. Za nje, kwa jua, utapiga wewe."

"Mpaka lini?"

"Sijui, Protus."

"Na hiyo ya Jamal ingenisaidia angalau mwaka."

"Ingekusaidia wewe. Mimi ingenifunika macho." Sauti yake ilianza kukatika lakini hakuiachia. "Hiyo lenzi yako ya zamani ndiyo iliniambia uko mgonjwa. Wewe hukuniambia. Daktari hakuniambia. Siku mkono umeamka vizuri nataka niione kwa picha. Siku umeamka vibaya nataka niione. Siwezi kuitibu hii kitu, sijui hata kuiita jina. Basi angalau niwe naiona."

Protus akainamisha kichwa. Alilia vile wanaume wa kwetu wanavyolia, bila sauti, pua ikifanya kazi yote. Sellah akamsogelea, akautoa mkono wake wa kulia pale ulipokuwa umekaliwa. Ulikuwa unacheza. Aliushika kwa yake miwili, na ndani ya mikono yake ukaendelea kucheza vilevile, haukujali kwamba umeshikwa na nani.

Walikaa hivyo mpaka Protus akapata pumzi.

"Na wazee?" akauliza. "Niwaambie wasije?"

"Nani amesema wasije?"

"Nilidhani..."

"Desemba ni mbali. Waambie waje Agosti, shule zikifungwa."

"Sellah, umefikiria vizuri? Umemwona mzee wangu."

"Nimemwona. Naogopa, Protus. Naogopa sana, usidhani siogopi. Lakini umeniachia nichague, nimechagua. Mwandikie baba yako mdogo awaambie wazee, sasa hivi kabla sijaanza kufikiria vizuri."

Protus akachukua simu. Kidole kikagonga herufi isiyo yake, akafuta. Kikagonga nyingine, akafuta tena. Neno la Agosti lilimchukua muda mrefu na halikukaa sawa.

Sellah alitamani kumpokonya hiyo simu amwandikie, ingekuwa imeisha zamani. Hakumpokonya. Alikaa karibu naye, bega kwa bega, akangoja amalize.