Mchumba Aliyefunga Misima, Akala Handeni

"Anakula?"

"Anakula! Perege mzima wa kuchoma, mayai, na mnafu umejaa bakuli. Saa saba mchana, jua la utosi, na mwanamke kakaa ubavuni pake anampepea nzi!"

Mwantumu aliweka jembe chini. Shangazi yake Mwaija ndiyo kwanza alikuwa anatoka sokoni Handeni, hata kapu hajalitua, na shamba zima la kijiji cha Misima lilikuwa limesimama kusikiliza.

"Labda umemfananisha, shangazi."

"Na baiskeli ya mjomba wako iliyoegemezwa mlangoni, nayo nimeifananisha?"

Aliyekuwa anasemwa ni Kibwana, fundi wa mashine za mkonge kule Magoma, mwanaume wa makamo aliyefiwa na mke. Walijuana na Mwantumu stendi ya Korogwe, siku Mwantumu alipokwenda kuchukua chaki za kisomo cha watu wazima. Penzi likaanzia pale, kwenye vumbi la mabasi. Sasa Kibwana amepata likizo, amekuja Misima kuposa.

Tangu afike, chakula cha mchana hajakigusa. Jumatatu alifunga sunna, wazee wakamsifu. Jumanne akasema analipa Ramadhani. Jumatano, bado analipa. Kila adhuhuri anaazima baiskeli, ati anakwenda kusali msikiti wa Handeni mjini. Magharibi ikifika anakula mboga tu, bada anaiacha, anasema tumbo la mfungaji ni dogo.

Na bada ndiyo yenyewe! Mjomba Mdoe, balozi wa nyumba kumi, alishasema wazi: "Kwetu mposaji hukata tonge la bada mbele ya wajomba. Ugali wetu wa muhogo ukikushinda, na binti yetu atakushinda." Siku ya kukata tonge ilikuwa Ijumaa, yaani kesho yake.

Kibwana akatokea na baiskeli, jasho linamtiririka.

"Umetoka wapi?" Mwantumu akamuuliza.

"Kusali."

"Hebu fungua kinywa nikunuse."

Watu wakacheka. Kibwana akafunga mdomo kama mlango wa ghala.

"Asiyefanya kazi na asile, hilo tunalijua," alidakia Mwaija. "Huyu wetu akilima hali, akienda kusali anakula!"

"Huyo mwanamke ni nani, Kibwana?"

"Ni Hilaria. Anauza chakula tu. Mwantumu, njoo pembeni nikueleze."

"Sema hapa hapa, umati umeshakusanyika."

Kibwana akawatazama watu, akatazama chini.

Mwantumu akamnyang'anya baiskeli, akakaza kanga kiunoni, akapanda. Misima ilikuwa haijamwona mwalimu wake akiendesha baiskeli. Siku hiyo ilimwona, na kuku wakampisha.

Nyuma ya soko la Handeni alimkuta Hilaria anaosha masufuria. Mama mnene, mtoto wa manamba wa mkonge wa zamani, kavaa rozari shingoni.

"Wewe ndiye Hilaria?"

"Na wewe ndiye Mwantumu. Karibu. Anakutaja mpaka samaki wangu wanaungua."

"Unampa nini ambacho kwetu hakuna?"

"Mimi nimpe? Mimi nimempunguzia! Siku ya kwanza nimemletea wali, karudisha. Ugali, karudisha. Muhogo wa kuchemsha, karudisha. Nikamwambia, baba, sasa utakula ukuta? Akasema nipe samaki, mboga na matango, na chai isiwe na sukari. Mteja wa namna hiyo utaacha kumpepea nzi? Unamhurumia!"

"Kwa nini anakataa?"

"Kamuulize mwenyewe, mwanangu. Mimi nauza chakula, siuzi siri za watu."

Mwantumu alirudi taratibu. Njiani akamkuta Kibwana anakuja kwa miguu, viatu vimekuwa vyekundu kwa vumbi.

"Nina ugonjwa wa sukari," Kibwana akasema kabla hajaulizwa. "Daktari wa Tanga kaniambia nipunguze ugali, wali, muhogo, vyote vya kushibisha. Nikiwa Magoma najipikia, hakuna shida. Likizo ndiyo imeniponza. Korogwe basi likisimama, mihogo na maandazi. Nyumba ya ndugu, sinia la wali. Kwenu, bada. Nimezunguka Handeni nzima kutafuta mahali pa kula mchana chakula chepesi."

"Na mimi hukuniona wa kuniambia?"

"Umeshazika mume mmoja. Tena wanaume wanasema mwenye sukari kitandani hana kazi."

Mwantumu akacheka, hakutaka lakini kicheko kikamshinda. Kisha uso ukabadilika.

"Mume wangu aliugua akaficha. Kila siku 'mimi mzima, mimi mzima.' Tulipompeleka hospitali tulikuwa tunapeleka maiti. Sitaki mwingine wa hivyo, Kibwana. Ugonjwa nitauweza. Kufichwa sitakuweza."

"Mjomba atakubali?"

"Sijui. Lakini kesho ukinyamaza mbele yake, atakayekunyima ni mimi."

Ijumaa baada ya sala wakakaa ukumbini. Sinia likatua: bada inafuka moshi, kisamvu, na mbuzi wa kuchoma.

"Haya, mposaji," akasema Mdoe. "Kata tonge."

Kibwana hakunyoosha mkono. "Mzee, nilidanganya. Sikuwa nimefunga. Nina sukari, na daktari amenizuia chakula kama hiki. Bada yenu siidharau, na binti yenu nampenda. Niliogopa mtaninyima."

Minong'ono ikazagaa. "Mgonjwa!" Mwaija akasema kwa sauti. "Tumeletewa mgonjwa!"

Mdoe akainua mkono.

"Hiyo sukari," akauliza polepole, "ilikuanzaje?"

"Kiu, mzee. Naweza kumaliza mtungi. Kukojoa kila mara. Nakula vizuri na bado nakonda."

Mdoe akaitazama saa yake iliyokuwa inacheza mkononi kama bangili. Mlangoni alisimama mkewe, Swaumu, na birika la maji.

"Mdoe," akasema Swaumu, "huyu bwana anakusema wewe."

Hakuna aliyecheka. Mdoe akamega bada, tonge dogo kama punje ya harage, akampa Kibwana.

"Kata hili. Daktari wako hatanuna. Mila imetimia." Kibwana akalimeza, akina mama wakapiga vigelegele. Mdoe akalisukuma sinia upande wa vijana. "Swaumu, mayai yapo?"

Ndoa ilifungwa wiki ile ile. Bibi harusi, bwana harusi na mjomba wakasafiri pamoja kwenda Tanga, mjomba akapimwe. Adhuhuri basi likasimama Korogwe, wauzaji wakazunguka madirisha.

"Mihogo, mzee! Mihogo ya moto!"

"Mayai, binti," akajibu Mdoe. "Na matango. Ya watu wawili."

"Na mama je?"

"Mimi sina sukari," Mwantumu akasema, anatoa kichwa dirishani. "Mimi niletee mihogo, na pilipili usisahau."

Kibwana akavuta harufu, akameza mate.

"Mke wangu, basi angalau kula umegeukia kule."