Bango Lililosomeka Bila Miwani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, mpelelezi wa ajali za ndege alimmiminia mama yake chai kwenye roshani ya ghorofa ya nne, kisha akamsomea bango. Ndege ndogo ya matangazo ilipita saa moja na nusu ikiburuta kitambaa kirefu juu ya jiji, na mama, ambaye macho yalishaanza kumsaliti, aliuliza, "Leo wanauza nini?"

Asubuhi moja hakuuliza.

"'Lala raha, amka mpya,'" alisoma polepole, akacheka. "Magodoro! Umeona, mwanangu? Bila miwani. Na wewe unasema nimezeeka."

Mpelelezi alikuwa bado anatabasamu mngurumo ulipokatika. Ndege ilipinda kuelekea uwanja wa mpira, ikashuka, ikapotea nyuma ya majengo. Kisha ukaja mshindo uliotikisa vikombe.

Saa mbili kasorobo alikuwa juu ya paa la jengo la ghorofa tatu. Rubani alikuwa amekufa. Dobi aliyekuwa akianika mashuka alikuwa amekufa pia. Bango lilikuwa limenasa kwenye kamba za nguo, na alipoliinua, herufi zake zilimfika kiunoni. Akatazama mbele. Uwanja wa mpira ulikuwa ng'ambo ya barabara tu, mtupu, kama mlango uliofungwa usoni mwa mgeni.

"Amekosa kidogo," alisema askari wa zimamoto.

Hicho kidogo ndicho kinacholindwa na kanuni. Ndege ya injini moja ikipita juu ya jiji, iwe juu kiasi kwamba injini ikizima iweze kuteleza hewani hadi mahali pa wazi, bila kumwangukia mtu. Huyu alikuwa chini mno.

Kufikia jioni jiji lilishapata muuaji wake. Kesho yake mjane wa rubani aliingia ofisini, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Wameniandikia mlangoni, 'mke wa muuaji,'" alisema. "Ndugu za dobi wamenitemea mate, na siwalaumu. Kama aliruka chini kwa kutaka sifa, niambie, dada, nikawapigie magoti. Lakini nijue."

"Alikuwa mtu wa sifa?"

"Yule? Nyumbani hata balbu nilibadilisha mimi. Eti ngazi yetu haifikii kanuni za usalama." Alicheka, na kicheko kikageuka kilio.

Mpelelezi alimsogezea maji. Maneno yake yalikuwa machache siku zote.

Mpelelezi alianza kwa kumshuku fundi wa ndege, waliyemwita Grisi. Lakini petroli iliyobaki ilipimwa, ikawa safi. Injini ilikuwa imekwama kwa joto.

"Nilisema itachemka," Grisi alijitetea, akijifuta mikono isiyotakata. "Hii injini ni ya kubeba watu wawili, si ya kuburuta mashuka. Ndege yenye nguvu bosi aliiuza mwaka jana, akaweka hela mfukoni."

Nyuma ya banda la ndege kulikuwa na mabango ya zamani yaliyokunjwa. Mpelelezi alikunjua moja. Herufi ilikuwa ndefu kumshinda yeye.

"Hayo ni ya ndege kubwa," Grisi alisema. "Hii ndogo haiyawezi. Bosi akaamuru herufi zipunguzwe."

"Na nani alimwamuru rubani aruke chini?"

"Hapa hakuna anayeamriwa, dada. Ukitua, bosi anakuuliza swali moja tu: 'Watu wamesoma?' Ukisema hapana, kesho safari yako anapewa mwingine."

Mpelelezi alimkumbuka mama yake na furaha yake. Bila miwani. Asubuhi ile ndege ilikuwa imeshuka kuliko siku zote.

Bosi alimpokea kwa tabasamu la muuza duka. Ukutani, nyuma ya kiti chake, kanuni ile ya kuruka juu ya jiji ilikuwa imetundikwa ndani ya fremu ya kioo.

"Isome, binti yangu. Mimi nimewahi kumwambia mtu aruke chini? Nitafutie shahidi mmoja tu."

"Hayupo," alikiri mpelelezi.

"Basi. Marehemu alipenda kujionyesha. Tumwachie Mungu."

"Naomba kuazima bango la akiba, mzee."

"Chukua hata yote."

Alhamisi saa tatu asubuhi walikusanyika kwenye uwanja mdogo wa ndege: bosi, Grisi mwenye redio ya kuzungumza na rubani, mjane, na mfanyabiashara wa magodoro aliyeagiza tangazo. Ndege ya chuo cha urubani ilikuja ikiburuta bango lile la akiba, kwa kimo kile kile ambacho kanuni inataka juu ya jiji.

"Injini kuzima ni bahati mbaya," alisema mpelelezi kwa sauti yake ndogo. "Lakini aliyepunguza herufi ili ndege dhaifu iziburute alijua hazitasomeka kutoka pale juu. Soma, mzee."

Bosi alivaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Jua linanipiga."

"Jua liko mgongoni kwako," alisema mjane.

Mfanyabiashara wa magodoro alikunja uso. "Mimi naona uzi tu. Ndicho nilichokuwa nalipia? Uzi? Kumbe mmenilaza mimi mwenyewe! Nataka hela yangu, na wenzangu wote sokoni nitawaambia."

"Subiri, tajiri, subiri kidogo." Jasho lilimtoka bosi. Alitazama angani, akamtazama mteja, na mazoea ya miaka yakamshinda akili. Akamgeukia Grisi.

"Unashangaa nini na redio yako? Mwambie ashuke, watu wasome! Ashuke kama kila siku!"