Pipa Lililoimba kwa Sauti ya Layla

Layla alitoa kichwa ndani ya pipa, akapangusa uso kwa kiwiko, na wimbo ukaendelea bila yeye.

Hidaya, dada yake, alikuwa mlangoni mwa duka akipanga bidoni, madumu ya plastiki, na hakushtuka mara moja. Plastiki hurudisha sauti. Kila anayeuza mapipa pale Muyinga analijua hilo. Lakini mwangwi hurudia ulichokwisha kusema, hauendi mbele yako kwenye ubeti ambao hujauimba. Aligeuka. Layla alikuwa amesimama na brashi mkononi, midomo imefumbwa, macho yamemtoka, na mle ndani sauti yake ikauimba wimbo hadi mwisho, taratibu, kama mtu anayekagua vyumba vya nyumba mpya.

Alipofungua kinywa kumwita dada yake, hakikutoka kitu.

Pipa lilitoka Gitega, ambako Mustafa, mume wa Hidaya, alikwenda na kamyo, lori lao, kununua vyombo vilivyokwisha kutumika. Lilikuwa la buluu, la mdomo mpana, lenye pete ya chuma ya kubana kifuniko. Lilikuwa limebeba soda kali ya kutengenezea sabuni, ile inayobabua ngozi, na ubavuni bado lilikuwa na alama yake: matone yanaangukia mkono, na mkono unalika. Chombo chenye alama hiyo Hidaya hakukiuza kwa mtu wa maji wala kwa mtu wa pombe ya ndizi. Alikiosha, akakikata kwa msumeno, akauza vipande kwa wanaoezeka mabanda ya sungura. Wenzake sokoni walimcheka kwamba anaharibu mali. Aliwaacha wacheke.

Hospitali walilitazama koo la Layla wakasema ni zima. Duka nalo likaanza kunuka nywele zilizoungua, na juu ya harufu hiyo sabuni, kana kwamba mtu amejaribu kuuosha moto. Jua likishuka, mapipa ya plastiki hujikunja na kulia, pu, pu, huku na kule. Sasa yalilia kwa zamu, kutoka ukuta wa nyuma kuja mlangoni, kama kuna mpitaji anayeyagonga kwa kifundo cha kidole.

Alasiri moja ya mvua akaingia Gervasi, mkulima wa Butihinda aliyekulia Tanzania akarudi na mke na watoto.

"Shikamoo, dada. Naomba lile la buluu. Tunataka kukinga maji, watoto ni wengi."

"Marahaba. Lile haliuzwi, kaka. Tazama mengine."

"Mbona ndilo zuri?" Akatoka kwenda kufungua kamba kwenye baiskeli yake, kama mtu aliyekwisha kuamua.

Ndipo pipa lilipomwita Hidaya kwa jina.

"Niuze kwake," likasema, na ilikuwa ni sauti ya Layla, laini, yenye kale katetemeko ambako mama yao alikuwa akikapenda. "Sauti moja imenichosha. Kwake kuna watoto, na watoto huinamia maji wakaitana majina ili wasikie majina yakirudi, nami nitayapokea moja moja. Niuze, na ya mdogo wako nitamrudishia kabla baiskeli haijamaliza kilima."

Mustafa alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote. Akaja kwa ncha za vidole, akanong'ona, "Hidaya, tuliuze tu. Liende. Mi nakuomba."

"Liende kwa watoto wa nani?"

"We unataka mdogo wako akae bubu maisha yake yote?"

Hidaya angepewa muda kidogo pengine moyo ungelegea, maana damu ni damu. Lakini Layla alikuwa amekwisha kuinuka. Alilifunika pipa, akabana pete, akaketi juu ya kifuniko na kukunja mikono. Chini yake sauti yake mwenyewe ililia, ikamsihi, ikamtukana. Hakushuka.

Gervasi alirudi na kamba, akasimama.

"Kaka," Hidaya akamwambia, "hili lilibeba soda ya kubabua utumbo, na sasa limebeba kitu kibaya zaidi. Chukua lile la njano, lilikuwa la mafuta ya kupikia."

Gervasi alimtazama Layla, akasikia kinacholia chini yake. Alilifunga la njano kwenye baiskeli, akaenda zake bila kungoja mvua ikatike.

Asubuhi wakalipandisha pipa kwenye kamyo, kuelekea Gitega kwa Shehe Saidi, mzee anayetibu waliopandwa na majini. Njia nzima liliimba nyuma yao. Kwenye miteremko liliongeza sauti, na watu wa barabarani wakawapungia mkono wakidhani ni harusi.

Shehe alisoma dua uani kwake hadi kanzu ikamlowa mgongoni, kisha akajifuta jasho.

"Mwanangu, huyu hatoki kwa kusomewa. Angekaa chunguni, chungu kingepasuka; angekaa mtini, mti ungeliwa na mchwa. Plastiki itamtunza mpaka wajukuu wako wazeeke. Tumpe mbuzi kila mwaka, pipa libaki hapa, asidhuru mtu."

"Na sauti ya Layla?"

"Itabaki naye."

"Basi hapana, Shehe."

Mzee akashusha pumzi. "Iko njia nyingine. Nyumba yake ikatwe, na mkataji amwite aliyefungwa, kichwa kikiwa ndani. Lakini naye ataijua sauti yako."

"Aijue."

Hidaya akachukua msumeno wake, akafungua pete, akaingiza kichwa na bega, msumeno ukiuma plastiki kwa nje, na ile harufu ya nywele ikamjaa kooni, na kitu chenye unyevu kikampapasa midomo kwa upole kama mkono wa kipofu anayeutambua uso, kikimwita kwa sauti ya Layla, kisha ya mama yao aliye kaburini, kisha kwa sauti yake yeye mwenyewe, karibu kabisa, ndani ya sikio, kikimwambia apumzike, aache, nyumba hii ni pana, naye akakaza mkono na kuzidi kukata.

"Mgeni akikaa sana hupewa jembe," akakiambia. "We utapewa msumeno. Layla! Layla, toka!"

Ubavu ukapasuka kwa mlio wa mti. Zikatoka sauti nyingi, za wanaume, za wanawake, nyingine Kirundi, nyingine Kiswahili, zikapita juu ya ukuta wa ua zikiulizana njia. Shehe alifunika uso. Mustafa alikuwa amekaa chini.

"Dada," Layla akasema, kwa mkwaruzo, "toa mkono, unajikata."

Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka, na vipande vya pipa Shehe akavizika kwa chumvi.

Walipokuwa wakitoka mjini, jua linashuka, kamyo ilipita mbele ya uwanja wa vyombo vikuukuu, mapipa ya buluu yamepangwa kama ukuta. Kutoka katikati ya ukuta ule mtu aliita, "Hidaya." Sauti ilikuwa yake mwenyewe.

Mustafa akaubana usukani. "Usiitike. Nakuomba, usiitike."

"Siitiki," Hidaya akasema, akiupapasa msumeno chini ya kiti. "Simamisha, nishuke."