Viti vya Rangi ya Mdalasini

Mguu ulikuwa umechomoza chini ya gari, na fundi wa viti akaukanyaga kwa uzito wake wote, nao haukuwa uzito wa kupuuzwa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa magari makuukuu, siku ambayo madalali hukauka koo kwa kelele na wateja hupiga matairi mateke wakijifanya wanajua wanachokitafuta. Macho yake yalikuwa kwenye gari lenyewe: dogo, milango miwili, taa za duara, rangi ya kijani iliyopauka kwa jua la miaka arobaini. Nani angekumbuka kutazama chini?

"Dada, huo mguu bado nautumia," sauti ikasema kutoka chini ya gari.

Akaruka pembeni. Mwanamume akajiburuta nje, ovaroli ya kijivu imejaa madoa ya rangi za kila namna, nywele zimenyunyiziwa vumbi la kutu, mkononi ana sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Alikuwa fundi wa bodi na rangi, na uwanja mzima ulimwita Msasa kwa sababu alikuwa hatoki kwenye kazi mpaka iwe laini. Alimtazama huyu mwanamke mwenye gauni la bluu la mifuko mikubwa na kilemba cha manjano, akasahau kusugua mguu.

Fundi wa viti aliomba radhi, kisha bila haya akamuuliza kama gari hilo linafaa au alinunue lile jekundu la jirani, linalong'aa. Msasa akapitisha sumaku yake kwenye ubavu wa lile jekundu. Haikunasa. Ikateleza ikaanguka.

"Hapo hakuna bati, ni puti tupu ya kuzibia matundu," akasema. "Masika moja tu na utaliokota vipande vipande. Hili la kijani ni baya, lakini ubaya wake uko wazi. Injini mbovu hutafutiwa nyingine, dada. Bodi ikioza, umenunua jeneza lenye usukani."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Akalizunguka gari la kijani inchi kwa inchi, sumaku ikinasa kila mahali, naye fundi wa viti akimfuata nyuma akieleza, bila kuulizwa, atakavyolivika. Viti vitakuwa rangi ya mdalasini. Mshono utakuwa wa nyuzi mbili sambamba, na kila pembe atairudia kwa mishono mitatu ya kukingama, alama yake, ambayo hakuna fundi mwingine mjini anayejisumbua nayo. Aliongea kwa mikono, akishona hewani. Msasa alikuwa amefikia mlangoni, ameinama kukagua ndani, akageuka kumsikiliza, na akabaki amegeuka hivyo hivyo kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Lichukue," akasema hatimaye. "Ni zima kabisa."

Akalichukua. Akiba yote ya miaka sita ya kushona viti vya magari na makochi ya watu ikaingia mfukoni mwa dalali asubuhi ile, na kwa kuwa hakubakiwa na kitu cha kumlipa fundi, wakakubaliana kazi kwa kazi: Msasa atalinyoosha na kulipaka rangi, yeye atawashonea viti wateja watatu wa Msasa. Shangazi yake, aliyemlea na ambaye bado waliishi naye nyumba moja, alisikia mpango huo akaguna. Alisema mafundi wa magari na ukweli hawajawahi kulala chumba kimoja.

Kila siku saa saba mchana simu ililia juu ya meza ya kushonea, katikati ya mabaki ya sponji.

"Mgonjwa anaendeleaje?" fundi wa viti angeuliza, akimaanisha gari.

"Amekula, amelala. Ila daktari wake ana hali mbaya."

"Anaumwa nini?"

"Haeleweki. Anaambiwa dawa yake ipo upande wa pili wa mji, imeweka pini mdomoni, haina habari naye."

Angecheka mpaka akaribie kumeza hizo pini. Jumapili walikutana gerejini, akambana kwa maswali kuhusu kila bolti, naye akajibu kila moja. Jioni moja alimfuta doa la rangi shavuni kwa ncha ya kilemba chake, wakajikuta wamesimama karibu kuliko mapatano ya kazi kwa kazi. Baada ya hapo "dada" ikawa "mpenzi", bila kikao wala shahidi.

Miezi miwili ikapita. Viti vikakamilika, akavipeleka mwenyewe. Msasa alinawa mikono mara mbili kwa sabuni ya unga kabla ya kuvigusa. Akapitisha kidole kwenye pembe, juu ya ile mishono mitatu, akafungua mdomo kama mtu mwenye neno zito, kisha akaufunga na kusema vimependeza. Fundi wa viti alirudi nyumbani akiona kuna kitu kimebaki nusu.

Kuanzia wiki ile Msasa akabadilika. Simu ya saa saba ikawa ya saa tisa, kisha haikulia. Akipigiwa, anasema usije Jumapili hii, kuna vumbi. Jumapili iliyofuata, kuna harufu ya rangi.

Ndipo siku moja, akiwa amesimama njia panda na robota la kitambaa begani, akisubiri magari yasimame avuke, akaona gari dogo jeupe, taa za duara, ndugu kabisa wa lake. Alitabasamu kwanza. Ndani yake mama mmoja mtu mzima alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Nyuma ya mabega ya mama yule, rangi ya mdalasini. Nyuzi mbili sambamba. Taa ilikuwa bado nyekundu, naye akasogea hadi dirishani, akatazama pembe. Mishono mitatu, imekingama.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu alikuwa ameumwa hasa. Miaka minne nyuma alikuwa na mchumba. Alikwenda kumuuguza shangazi hospitalini siku tano, akarudi akakuta cherehani yake imeuzwa, na mchumba amesafiri na nauli iliyotokana nayo. Aliapa siku ile kwamba hatampa tena mwanamume kitu chochote kilichotoka mikononi mwake. Sasa amempa gari, akiba ya miaka sita na moyo, vyote kwa pamoja.

Alipiga simu pale pale, honi zikimlilia.

"Msasa, viti vyangu viko wapi?"

"Viko salama."

"Nimeviona sasa hivi vinapita barabarani. Vimekaliwa."

"Mpenzi, njoo tuongee."

"Nakuja," akasema. "Nakuja kuchukua gari langu."

Alifika gerejini na mtu mwenye lori la kuvutia magari, akamwambia asubiri nje. Gari lilikuwa juu ya magogo, tupu, bila milango, vioo wala magurudumu. Msasa alisimama kando yake akiwa amekonda. Alimshika kiwiko, akamwongoza hadi ukutani, ambako kulikuwa na bati kubwa lililoegemezwa. Alipolitazama, aliona ukuta kupitia matundu yake. Mengine yangepitisha kichwa cha mtoto.

"Hii ndiyo sakafu ya gari ulilonunua," Msasa akasema. "Ilikuwa chini ya zulia. Kazi ya kwanza kabisa ya kukagua gari ni kuinua zulia, kila mwanafunzi wangu anajua. Siku ile sikuinua."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nakutazama wewe unashona hewani."

Akaeleza yote. Aliligundua tundu siku chache kabla viti havijaletwa. Miaka kumi na saba ya ufundi, na amemnunulisha mwanamke anayempenda gari ambalo siku moja lingemwangusha barabarani. Aliona aibu kumwambia. Akazunguka mjini akitafuta sakafu ya aina hiyo hadi akamkuta mama mmoja, mkunga mstaafu, mwenye gari jeupe linalotembea na jingine bovu uani, sakafu yake nzima kama sahani. Mama hakutaka fedha. Alikuja gerejini, akaona viti, akasema hivyo ndivyo anavyovitaka. Msasa alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasema ni vyake, akavitoa. Alipanga kushonesha vingine kwa fundi mwingine, vinavyofanana.

Fundi wa viti alisikiliza mpaka mwisho. Hasira iliyomleta ilikuwa imeishiwa pa kusimama, lakini chini yake kulikuwa na uchungu mwingine.

"Tundu ningelisamehe leo leo," akasema. "Ningelicheka. Lakini ulichukua kazi ya mikono yangu ukaitoa bila kuniuliza, halafu ulitaka nikalie mshono wa mtu mwingine nikidhani ni wangu. Ulitaka niishi hivyo?"

Gari halikuondoka, kwa sababu lisilo na magurudumu haliendi popote, lakini yeye aliondoka, akakaa kando ya dereva wa lori aliyejua vizuri wakati wa kunyamaza.

Siku tatu alishona vibaya. Alifumua zaidi ya alivyoshona. Shangazi alimletea chai akaikuta imepoa palepale, akaketi, akauliza ni nini hasa kilichouzwa safari hii. Akaelezwa. Shangazi akasema huyu angalau amenunulia sakafu, yule wa kwanza alinunua tiketi. Halikuwa neno la kumsifu mtu, lakini kwa Shangazi lilikuwa karibu na sifa.

Siku ya nne gari jeupe likasimama mbele ya chumba cha kushonea. Mkunga alishuka taratibu, sketi iliyopigwa pasi, miwani imening'inia kifuani kwa mkufu.

"Wewe ndiye mwenye viti," akasema, si kwa kuuliza. "Yule kijana alikuja jana. Anaviomba virudi, ati atanipigia rangi gari zima bure. Nikamwambia, si ulisema ni vyako? Akasema alidanganya kwa kuona aibu. Mwanangu, nimezalisha watu miaka thelathini na nane. Nilimwambia nilichowaambia wote waliokuja wodini wamejifunika mpaka kidevuni: mficha uchi hazai." Akafungua mlango wa gari. "Ving'oe. Siwezi kukalia machozi ya mtu."

Fundi wa viti aliinama ndani. Viti vilikuwa vimekaa vyema, kana kwamba vilishonewa gari lile. Mama alikuwa ameweka mto mdogo nyuma, mahali pa kiuno. Akamuuliza kama mgongo unamuuma. Mama akasema ulikuwa unauma kwa miaka, na tangu apate viti hivi anaendesha hadi kwa mwanawe na kurudi bila kusimama njiani.

Hapo ndipo lilipomjia, wazi kabisa. Angeulizwa, angetoa. Sakafu nzima kwa viti viwili, na mgongo wa mama huyu juu yake, angetoa bila kufikiri mara mbili. Kilichomuuma hakikuwa kile kilichotolewa. Ni kwamba hakuulizwa tu. Na mtu asiyejua kuuliza hufundishika, tofauti na mwizi.

"Kaa navyo, mama," akasema. "Nimekupa mimi."

Jioni ile akapiga simu, nayo ikapokelewa kabla haijalia mara mbili.

"Viti vinabaki kwa mama. Nimeamua mimi, si wewe."

"Nimekuelewa."

"Kuna kingine ulichonificha?"

"Kipo," Msasa akasema. "Ila hicho siwezi kukisema kwenye simu."

Fundi wa viti hakulala vizuri. Asubuhi alivaa gauni lolote lililokuwa karibu, akaenda, njiani akihesabu kila balaa linaloweza kumpata mwanamke mmoja: ana mke, ana ugonjwa, gari limechukuliwa. Alipoingia gerejini alisimama. Gari lilikuwa chini kwenye magurudumu yake, kijani kilekile cha zamani lakini kimefufuka, linang'aa. Na kila kitu kilikuwa wazi. Boneti imeinuliwa, ngozi za ndani ya milango zimetolewa, zulia jipya limekunjwa pembeni halijatandikwa.

"Sijafunika kitu," Msasa akasema. "Tazama kwanza wewe."

Akatazama. Alichukua saa nzima, na ile sumaku, na tochi. Alipapasa sakafu kwa kiganja, akafuata mstari wa kuchomelea kutoka pembe hadi pembe. Ulikuwa laini kuliko mshono wake. Hakuona tundu hata moja. Akaketi pale pale ndani, kwenye bati tupu, miguu nje ya mlango.

"Gari limepita ukaguzi," akasema. "Sasa nipe hicho kingine."

Msasa akachuchumaa mbele yake.

"Siku ulipoleta viti nilitaka kukuomba nikuoe. Neno lilifika hapa." Akagusa koo. "Nikakumbuka tundu. Sikutaka unikubali ukiwa hujui. Na sikuwa na moyo wa kukwambia. Ndiyo maana nikakukimbia. Hicho ndicho nilichobakiza kukuficha, hakuna kingine."

Fundi wa viti aliinamisha uso kwenye magoti yake. Msasa akadhani amemuumiza tena, akaanza kusema samahani, lakini alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu njia panda ikatoka yote.

"Sogea hapa," akasema, akimpisha nafasi.

Akasogea, akaketi kando yake kwenye bati.

"Niulize sasa."

Akamuuliza. Naye akasema ndiyo, kwa sauti ndogo, kisha akarudia kwa sauti kubwa ili wa gereji ya jirani naye asikie.