Mbuzi Aliowapokea Muindi

Jumamosi hiyo, jua likielekea kuzama, Muindi alipanda kilima kule Kalama pamoja na binti yake Munyiva kwenda kulijaribu hema. Kazi ya kawaida tu. Wiki iliyofuata wageni wa kwanza wangefika kutoka Nairobi, wale watu wanaotaka kulala porini bila kuumia mgongo, na kila kitu kilipaswa kuwa sawa: kitanda cha mbao, taa za sola, maji ya moto ya kuoga, na mlango unaotazama milima ya Iveti.

Mpango wote ulikuwa wa Munyiva. Ndiye aliyesomea utalii, ndiye aliyechora kila hema litakaa wapi na lipakwe rangi gani. Muindi alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na alimpenda mpaka watu wakamcheka. Lolote alilofanya, zuri au baya, alisema amemfanyia Munyiva.

Na baya alikuwa amelifanya.

Kilima hakikuwa chake. Kilikuwa cha Kasiva, mjane wa baba yake mkubwa. Kasiva hakujaliwa mtoto, na kwa desturi ya Wakamba ya tangu zamani, alitoa mbuzi akamwoa mwanamke mwenzake. Si kwa mambo ya kitandani, hapana. Ni ili mwanamke huyo azae watoto watakaoshika jina la nyumba yake. Mke wa namna hiyo huitwa iweto, na iweto wa Kasiva alikuwa Mueni. Mueni alimzalia watoto, akamlisha uzeeni, akamfumba macho alipokata roho.

Udongo wa kaburi haujakauka, Muindi akasimama kwenye kikao cha ukoo, Biblia mkononi, akatangaza kwamba mwanamke haoi mwanamke na kwamba nyumba ya Kasiva imekwisha. Wazee wakatazama chini. Mueni akateremshwa kilimani na watoto wake, sufuria zikigongana kwenye mkokoteni, mvua ikiwanyeshea. Hata mahindi aliyoyapanda mwenyewe hakuachiwa.

Mtu mwenye haya angeishia hapo. Muindi akaongeza. Mahali pazuri kuliko pote kilimani palikuwa na kaburi la Kasiva. Akang'oa msalaba, akausawazisha udongo, akajenga sakafu ya mbao juu yake, na juu ya mbao akasimamisha hema. Munyiva alikuwa chuoni wakati huo. Aliporudi aliambiwa kaburi liko bondeni, karibu na migomba, naye hakuwa na sababu ya kutomwamini baba yake.

Jioni hiyo walikuwa wakisubiri mbuzi. Muindi alikuwa amemwagiza Kitheka, mwenye bucha pale sokoni, awatumie mbuzi kwa pikipiki wajaribu kuchoma nyama kama watakavyowachomea wageni. Makaa yalikuwa tayari. Pikipiki haikusikika.

Harufu ndiyo iliyotangulia.

Moshi wa kibuyu. Samli iliyokaa sana. Na chini ya hayo, udongo mbichi... udongo wa shimo lililochimbwa leo.

Kisha wakamwona. Mwanamke mrefu, amejifunika shuka mpaka kichwani, uso kivulini, akipanda kutoka upande usio na njia. Mkononi alishika kamba, na nyuma ya kamba walifuata mbuzi watatu. Hawakulia. Kwato zao kwenye mawe hazikutoa sauti yoyote.

"Wakya," akasema. Ndivyo mkubwa anavyomsalimu mdogo.

"Aa," Muindi akaitikia kabla hajajua kuwa ameitikia.

"Nimeleta mbuzi."

"Mimi niliagiza moja tu. Kitheka ametuma tatu?"

"Ni zako zote. Wewe ndio baba ya huyu msichana?"

"Ndio mimi."

"Umezipokea?"

Muindi aliwatazama. Walinona, manyoya yanang'aa. Mbuzi watatu kwa mmoja! Kama Kitheka amekosea, hilo ni shauri lake Kitheka.

"Nimezipokea, mama."

"Umezipokea?" akarudia, kwa kunong'ona.

"Si nimesema nimezipokea."

Mwanamke akamgeukia Munyiva. Alimtazama kuanzia miguuni, polepole, akapanda mpaka usoni.

"Unajua kusaga kwa jiwe?"

Munyiva akacheka kidogo, akamwita bibi kwa Kikamba, kwa adabu. "Hapana, susu. Sisi tunapeleka tu posho mill."

"Utajifunza."

Akaondoka. Hakupita karibu na hema. Alilizunguka kwa mbali, taratibu, kama mtu anayepita kando ya kitanda cha mgonjwa. Munyiva akavuta sweta lake.

"Baba, huyo ni nani? Sijapenda vile ameniangalia."

"Ni wale wanachungia Kitheka. Leta kisu."

Alichinja mmoja. Damu ilitoka baridi. Aliihisi mkononi, akashtuka, kisha akajiambia ni upepo wa kilimani. Mtu akishaona nyama, ubongo hupumzika. Akachoma ini, akala. Akachoma mbavu, akala. Munyiva hakugusa. Alisema tumbo limekataa, akaingia kwenye hema kujinyoosha.

Simu ikalia. Ilikuwa Kitheka.

"Mzee, pole sana. Pikipiki imekata cheni hapa tu sokoni. Mbuzi yako bado niko nayo. Nilete kesho?"

Muindi aliacha kutafuna.

"Hukutuma mama fulani na mbuzi tatu?"

"Mama gani? Aiya, mzee, mimi sina mama wa kutuma."

Akampigia mkewe Mbithe aliyekuwa nyumbani, zaidi apate mtu wa kuzungumza naye. Akamweleza huku akicheka. Mbithe hakucheka.

"Alikuuliza kama wewe ni baba ya msichana?"

"Ndio."

"Akauliza umezipokea? Mara mbili?"

"Ndio, lakini..."

"Muindi. Niambie hujakula."

Mafuta yalikuwa bado mdomoni.

"Hiyo ni ntheo," Mbithe akasema. "Ni mbuzi za ndoa! Baba akishazipokea na akala, msichana si wake tena. Umemwoza mtoto wangu. Umemwoza kwa nani, Muindi? Kwa nani?"

Taa za sola zikazimika. Moja. Kisha nyingine. Kisha zote.

"Munyiva!"

Hema lilikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kitupu.

Ndipo alipoisikia sauti. Krrr... krrr... krrr... Jiwe juu ya jiwe. Ilitoka kwenye nyumba ya udongo aliyokuwa akiishi Mueni, nyumba ambayo Muindi aliitia kufuli kwa mkono wake na ufunguo alikuwa nao mfukoni.

Kufuli lilining'inia limefunguka.

Ndani mwali wa moto uliwaka mdogo. Munyiva alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, mgongo kwake, mabega yakienda mbele na nyuma bila kukosea, mkono wa mtu aliyesaga maisha yake yote. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka na unga ulikuwa mwekundu.

"Mwanangu, twende nyumbani. Mama anakungoja."

"Usiingie, baba. Baba mkwe haingii jikoni."

Muindi akashika mwimo wa mlango. Aliogopa, na aibu ikamshika palepale, aibu ambayo hakuwa ameionja kwenye kikao.

"Anasema utoe hizo mbao," Munyiva akaendelea, bila kugeuka. "Anasema umezilaza kifuani pake, zinamwumiza."

Muindi hakuwahi kumwambia kuwa kaburi liko chini ya hema.

Aling'oa mbao usiku huohuo kwa mikono mitupu. Siku zilizofuata alirudisha msalaba, akalijengea kaburi, akaleta mchungaji. Mchungaji aliingia kwenye nyumba ile na chupa ya maji ya baraka, akatoka bila chupa, akateremka kilima bila kuaga. Wazee wakasema ndoa huvunjwa kwa kurudisha mbuzi. Wale wawili waliobaki hawakuonekana tena, ni vitanzi vya kamba tu vilivyokutwa bado vimefungwa. Muindi akanunua watatu, akawapeleka akawaacha kaburini. Asubuhi aliwakuta langoni kwake, manyoya makavu, mvua ikinyesha.

Akamtafuta Mueni. Alimpata kule Kinanie, kwenye chumba cha kupanga, watoto wakifanya kazi ya shule sakafuni. Muindi, mtu mzima, akapiga magoti mlangoni.

"Rudi kwako, Mueni. Chukua kilima chote. Ukirudi wewe, atamwachilia mtoto wangu."

Mueni alimtazama. Hakuwa na huruma, wala hakuificha furaha yake.

"Kasiva amekuja hapa. Ameniambia niko huru, nisirudi. Ameshapata mke."

"Alikuja lini?"

"Inuka, Muindi. Unatisha watoto."

Wageni wa Nairobi waliambiwa barabara imeharibika. Mahema yakauzwa. Mbithe alihamia kwa dada yake, akakataa kula chakula chochote mumewe alichokigusa.

Jioni moja Muindi alipanda tena peke yake. Shamba lilikuwa limelimwa. Nguo za wanawake wawili zilianikwa kwenye kamba, za msichana na za mwanamke mrefu. Munyiva alitoka na ungo, akasimama mlangoni. Alikuwa amenenepa usoni, na kitenge alikifunga juu, juu ya tumbo lililoanza kujitokeza.

"Munyiva, mama yako anakufa kwa kukulilia. Njoo hata siku moja. Mimi ni baba yako."

Munyiva alimtazama kwa upole, jinsi mtu anavyomtazama asiyemjua. Alikuwa karibu kumjibu. Ndani ya nyumba, mtu akakohoa. Kikohozi kikavu cha mzee.

"Ni nani huko nje?" sauti ikauliza.

"Si mtu, mwaitu," Munyiva akajibu, kwa lile neno ambalo Wakamba humwitia mama. "Ni mgeni tu. Anaondoka."

Akaingia, akafunga mlango.