Tangazo la Siku za Mbalamwezi

Kila jioni akimaliza kuosha vyombo, Tausi wa darasa la sita aliketi na dada yake, Safina, mbele ya kompyuta nyumbani kwao Buhare. Safina alikuwa ametengeneza programu ya simu ya kuagiza dagaa. Wanawake arobaini wa Bunda na Butiama waliitumia kuagiza magunia kutoka soko la samaki la Mwigobero bila kusafiri.

Sasa Safina alitaka kupanga vitufe upya.

"Wapigie wote, mmoja mmoja, kabla ya Jumatatu," alimwagiza Tausi. "Wengi hawasomi, wamekariri tu kila kitufe kilipo."

Simu arobaini! Tausi aliona uvivu. Kesho yake asubuhi alituma ujumbe mmoja kwa wote, kisha akasema, "Nimeshawaambia, dada." Alijua kabisa kwamba anadanganya. Jumatatu Safina akabadilisha vitufe.

Jumanne alasiri alipotoka shule, simu iliita. Alikuwa Mama Penina, mchuuzi wa Butiama.

"Mwanangu, nimebonyeza kitufe cha pili kama nabonyezaga siku zote, kumbe nimefuta oda! Kesho asubuhi shule inasubiri gunia mbili. Nikikosa, wanampa mtu mwingine."

"Lakini nilikutumia ujumbe, mama."

"Asubuhi, siku hizi za giza, boti zinapovua kila usiku? Dagaa zinashuka kila siku, mikono imejaa mizigo. Nani anasoma?"

Tausi aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga. Alimwendea Safina moja kwa moja. "Dada, sikuwapigia. Nilikudanganya."

Safina alikasirika kwelikweli. Alirudisha vitufe kama vilivyokuwa, huku Tausi akikimbilia Mwigobero. Wauzaji watatu walimwambia dagaa zimeisha. Hakukata tamaa. Wa nne alikuwa na magunia mawili, na jioni hiyohiyo yakapanda basi la Butiama.

"Sasa tubadilishe lini?" Safina aliuliza.

"Wakati wa mbalamwezi," Tausi alijibu. "Mwezi ukiwaka dagaa hazifuati taa za wavuvi, boti hazitoki, kwa hiyo akina mama wanapumzika. Nitawapigia mwenyewe."

Aliwapigia kwa siku tatu mfululizo, sauti ikamkauka. Kila mmoja alimwelekeza vitufe vipya, kisha akamwomba arudie mwenyewe. Mabadiliko yalipofanyika, hakuna oda hata moja iliyopotea.

"Umeona, mdogo wangu?" Safina alisema. "Kutuma ujumbe si kumwambia mtu. Umemwambia pale anapokuelewa, na bado ana muda wa kujiandaa. Na kazi ambayo hujaifanya, usiseme umeifanya. Kuna mtu ameitegemea."