Mguu Mmoja Nje ya Mlango

Je, umewahi kumwuliza mtu swali huku mguu wako mmoja umeshatoka nje ya mlango? Usijibu upesi. Fikiri kwanza, maana binti ninayekusimulia habari zake naye angeapa kwamba hajawahi, kumbe alifanya hivyo kila siku ya shule, muhula mzima.

Mtaani walimwita Chiriku. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu alipojua kusema hakujua tena kunyamaza. Darasani mkono wake ndio uliotangulia kuinuka, hata kabla mwalimu hajamaliza swali. "Chiriku, waachie na wenzako wapumue," mwalimu alikuwa akimwambia, na darasa zima likicheka.

Mama yake alishona sare katika kiwanda cha nguo. Alitoka alfajiri na kurudi jua likizama. Kabla ya kutoka alipika, akajaza bakuli la bati lenye mfuniko, akalifunga kwa kitambaa na kukaza mafundo mawili juu. Bakuli hilo lilikuwa la Babu, baba mzazi wa mama, aliyeishi peke yake mtaa wa pili. Kazi ya Chiriku ilikuwa kulipeleka akitoka shule na kumjulia hali mzee.

Babu alikuwa fundi saa. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, cha nyuma cha kulala. Mezani pake, karibu na dirisha, palikuwa na bisibisi nyembamba kama sindano, koleo dogo, kopo la skrubu, na ile lenzi nyeusi aliyokuwa akiibana jichoni. Ukutani zilining'inia saa kumi na moja. Zamani saa hizo ziligonga kwa pamoja kama askari wanaopiga mguu, na mtu aliyekuwa akipita njiani alisimama kurekebisha yake.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Habari za leo?"

"Nzuri tu."

"Haya, chakula hiki hapa. Kwaheri, babu!"

Mazungumzo yote hayo hayakuzidi muda wa kumeza mate. Babu hajakaa sawa kitini, Chiriku ameshafika barabarani, anakimbilia uwanja ulio nyuma ya shule ambako wenzake wanazungusha kamba. Mashindano ya kuruka kamba kati ya madarasa yalikuwa yamekaribia, naye ndiye aliyekuwa tegemeo la darasa lake.

Jioni mama alirudi, miguu imevimba kwa kukanyaga cherehani. Aliuliza huku akichambua mchele:

"Umempelekea babu?"

"Ndiyo, mama."

"Habari zake?"

"Nzuri."

"Haya, afadhali."

Hapo hakuna aliyesema uongo. Chiriku alisema alichoambiwa, na Babu alijibu kama watu wanavyojibu.

Lakini macho hayana pazia. Chiriku aliona. Kwanza aliona redio. Babu hakupenda kelele kazini. Alikuwa akisema saa ni kama mtoto mgonjwa, lazima uisikilize inavyopumua. Sasa redio ilisema kutwa. Kisha aliona saa za ukutani: moja ilionyesha saa tatu, jirani yake saa tano na nusu, na nyingine ilikuwa imesimama kabisa. Halafu ikafika Jumanne moja, siku waliporudishiwa karatasi za hesabu. Chiriku aliingia akipeperusha yake, kumi na tisa kwa ishirini, akakiona kiatu cha Babu cha mguu wa kulia kimekatwa mbele kwa wembe.

"Babu! Kiatu chako kimefungua mdomo!"

"Kinapiga miayo hicho," Babu akajibu. "Kimechoka kunibeba."

Wakacheka wote wawili. Chiriku alicheka zaidi, kwa sababu kicheko kile kilimpa ruhusa ya kuondoka. Alipofika mlangoni akageuka. Babu alikuwa akirudi kitini polepole, anakanyagia kisigino, mkono ukutani.

Swali likaja mpaka kwenye ncha ya ulimi: Babu, mguu umefanya nini? Ni swali fupi, mtoto wa chekechea angeliuliza. Lakini Chiriku alijua kwamba akiliuliza atajibiwa, na akijibiwa hatakwenda tena kuruka kamba. Akalimeza. Lilishuka kooni kama kidonge kichungu kisicho na maji.

Na swali lililomezwa haliyeyuki. Tangu siku hiyo alianza kuliweka bakuli karibu na mlango, asije akaona mguu. Baadaye kukawa na harufu mle ndani, kama maji ya maua yaliyosahauliwa, naye akajifunza kupumua kwa mdomo. "Habari za leo?" aliuliza, akitazama dari. "Nzuri tu," akajibiwa. Uwanjani aliruka juu kuliko wote, kama anayetaka miguu yake isiguse tena ardhi.

Wiki ya pili ikaisha. Jumatano mchana alikuwa katikati ya kamba, wenzake wanahesabu, wamefika sitini na tatu, akatokea fundi viatu ambaye kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa nyumba ya Babu. Alikuja mbio, msharasi wake wa kushonea viatu bado mkononi.

"Chiriku! We Chiriku! Acha kamba hiyo! Babu yako ameanguka, kusimama hawezi!"

Kamba ikampiga kifundoni, ikalala chini.

Walimpandisha Babu kwenye baiskeli. Fundi viatu aliisukuma, Chiriku akamshika mzee kiwiko, wakaenda hivyo mpaka zahanati. Hata njiani Babu hakuacha mzaha wake. "Fundi viatu, leo umebeba mguu usio na kiatu. Biashara gani hiyo?" Fundi viatu hakucheka. Chiriku naye alihesabu mawe ya barabarani, maana hakuthubutu kumtazama yeyote. Mama alipigiwa simu kiwandani, akafika anahema, nyuzi za sare zimemganda begani.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mwanamama wa makamo asiye na haraka. Alimtoboa Babu kidole, akapima tone la damu, akatikisa kichwa. "Sukari imepanda sana." Kisha akavuta kigoda, akakaa chini mbele ya mgonjwa, macho yao yakawa sawasawa. Hakuuliza habari.

"Mzee, ukikanyaga chini unasikia nini?"

Babu akainua uso, kama mtu aliyeshtukizwa. "Kama nimekanyaga godoro."

"Na jeraha hili lilikuingia vipi?"

"Sijui, mwanangu. Halikuniuma."

Muuguzi akasafisha, akachomoa kitu kidogo kwa koleo lake, akakiweka katika kiganja cha Babu. Babu hakukitazama. Alikiviringisha kati ya vidole viwili. "Skrubu ya mgongo wa saa ya ukutani," akasema. "Niliitafuta sana hii."

"Jeraha lina siku ngapi?"

"Aa, juzi tu hilo. Tusikuze mambo."

Kalamu ya muuguzi ikasimama. "Mzee, nisikilize. Kama ni la juzi, nitalifunga, nikupe dawa, urudi wiki ijayo. Kama ni la zamani, nyumbani huendi. Unakwenda hospitali kubwa leo hii, tena sasa hivi. Kwa hiyo nauliza tena, na simgombezi mtu. Nani anamwona mzee kila siku? Ameona nini?"

Chiriku, yule wa mkono juu kabla ya wote, alikuwa ameikalia mikono yake. Akisema, mama atajua kwamba alijua. Asiposema, Babu atarudi nyumbani, na si ndivyo anavyotaka mwenyewe? Mzee mzima ameshasema 'juzi tu'. Yeye mtoto ni nani hata ambishie? Akatafuta sababu nyingine ya kunyamaza, na ilikuwapo, maana sababu za namna hiyo hazikosekani. Lakini mguu ulikuwa wazi sasa, na ile harufu ikamfikia, na safari hii hakupumua kwa mdomo.

Akainua mkono, kama yuko darasani.

"Mimi. Si juzi. Ni Jumanne, wiki mbili zilizopita, siku tuliporudishiwa karatasi za hesabu. Alikuwa ameshakikata kiatu, anakanyagia kisigino." Akashusha mkono. "Nilitaka kumwuliza. Niliona nikimwuliza nitachelewa kuruka kamba."

Mama akamtazama. Hakuinua mkono, hakuinua sauti. Heri angeinua kimojawapo.

"Mtoto amesema kweli," Babu akasema, akitazama sakafu.

Muuguzi alikuwa ameshaanza kuandika barua ya hospitali.

Babu alikaa huko siku kumi na tisa. Walimkata kidole kimoja, kile cha mwisho, mguu ukabaki. Siku ya mashindano ilimkuta Chiriku wodini na bakuli lake la bati, na darasa lake likashindwa. Rafiki yake wa kamba, binti mmoja waliyemwita Mrefu, alimngoja kesho yake kwenye geti la shule.

"Umetuangusha, Chiriku."

"Najua."

"Ndiyo hivyo tu? Wewe mwenye mdomo wa kuuza?"

"Ndiyo hivyo tu. Samahani."

Mrefu akabaki mdomo wazi, maana hakuzoea kumshinda Chiriku kwa maneno.

Jioni hiyo Chiriku alimfuata mama jikoni. "Mama, nipige basi, yaishe."

Mama akaweka ungo chini. "Nikupige wewe, halafu mimi anipige nani? Kila jioni nilikuuliza 'habari zake' huku nachambua mchele. Nilitaka unijibu 'nzuri' nipate kulala. Njoo hapa." Wakakaa kwenye mkeka mmoja, na mchele ukachelewa.

Babu aliporudi, Chiriku ndiye aliyempeleka zahanati kubadilishwa bendeji. Siku moja, Babu akiwa amepumzika nje, Chiriku alimwuliza muuguzi swali lililokuwa likimnyima usingizi.

"Ningemwuliza Jumanne ile, kidole kingebaki?"

Muuguzi hakumdanganya. "Pengine kingebaki. Na usingesema siku ile hapa, pengine mguu mzima ungeondoka. Yote mawili ni yako, mwanangu. Usibebe moja ukaacha jingine."

Chiriku akainama, akaendelea kukunja bendeji.

"Salamu ni kitu chema, usiiache," muuguzi akaendelea. "Lakini ukishasalimu, jua bado hujauliza. Watu watakuitikia 'nzuri' na 'ndiyo' mpaka nyumba iungue. Swali la kweli linaanza na kitu ulichokiona kwa macho yako, na ukishaliuliza lazima ukae ulingoje jibu lake. Na likikujia swali ukaliogopa, basi jua ndilo hilo hasa linalotakiwa kuulizwa. Ni hivyo kwa babu yako, ni hivyo kwa rafiki zako, na siku utakapowaongoza watu itakuwa hivyo hivyo." Akafunga kopo la pamba. "Tena sukari haikai mguuni tu. Nyumbani mwulizeni na mengine."

Kesho yake Chiriku alifika kwa Babu na bakuli. Mlangoni alivua viatu vyote viwili, akaviingiza ndani, akavuta kigoda mpaka mbele ya kiti cha mzee. Redio ilikuwa ikisema.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Habari za leo?"

"Nzuri tu." Babu akangoja kusikia kwaheri. Haikuja. "Vipi, leo hakuna kamba?"

"Ipo. Babu, saa zako zilikuwa zikigonga pamoja. Sasa kila moja inasema lake. Kumetokea nini?"

"Zimegombana," Babu akasema. "Ndivyo walivyo majirani."

Chiriku akacheka, kwa kuwa lilichekesha. Lakini kicheko kilipoisha alikuwa bado yuko kigodani. Hakuongeza neno. Kwa Chiriku hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kuruka mara mia.

Babu akapapasa meza, akaipata lenzi yake nyeusi, akaizungusha vidoleni. Akakohoa. Kisha akanyoosha mkono, akaizima redio, na chumba kikajaa sauti za saa kumi na moja zisizopatana.

"Unajua kwa nini hii haizimwi?"

"Sijui, babu. Nieleze."

"Kwa sababu inataja saa." Akaiweka lenzi mezani. "Macho yangu yana ukungu. Mishale siioni, hata nikiisogeza puani. Hospitalini waliniuliza, 'Unaona vizuri, mzee?' Nikajibu, 'Vizuri.' Ningesemaje? Fundi saa mzima, miaka arobaini mezani hapa! Nikimwambia mtu, mtaa mzima utacheka mpaka uanguke."

"Mimi sicheki, babu. Kesho tutakwenda tena kwa muuguzi, tukamwambie na hili." Akakisogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana. "Na sasa hivi unataka nini?"

Babu akautafuta uso wake, mkono ukatua begani.

"Kila ulipoingia nilitaka kukuuliza jambo moja, na kila mara nilikuta umeshatoka," akasema. "Mjukuu wangu, sasa ni saa ngapi?"